Uchambuzi wa kisa: namba 2,300 kwenye simu, na watu wanne wa kuchangia damu

Kabla sijaanza

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Nilimsomea chote tukiwa tumekaa kibarazani kwake, akasema toa hapa na hapa, nikatoa. Jina nimelificha, nitamwita Dada N, na mtaa, hospitali na watu wengine wote nimewaficha hivyohivyo. Mimi ni katibu wa kikoba alichokuwa mwanachama, kwa hiyo sehemu kubwa ya haya niliyaona kwa macho, na yaliyobaki tulikaa na mdogo wake tukayatafuta kwenye simu na daftari, meseji moja moja.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila tukikaa huu ubishi haukosi, wengine wanasema watu wa mtandaoni wote feki, wengine wanasema siku hizi hao ndio ndugu zetu kuliko hata majirani. Mi baada ya haya yaliyotupata naona pande zote mbili kuna mahali zinakosea, na kosa lenyewe lilitaka kugharimu uhai wa mtu.

Historia yake kwa ufupi

Dada N ana miaka 38 na mtoto mmoja wa kike wa miaka 9. Alikuja Dar akitokea Tanga baada ya ndoa kuvunjika, akapanga chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji watano upande wa Temeke huku. Alianza na meza ya nguo za watoto za mtumba, anawahi mnadani alfajiri anarudi na furushi, na mwaka huohuo akaingia kikoba chetu. Tuko wanawake 26, tunakutana kila Jumamosi saa 10 jioni, tunanunua hisa, tunaweka elfu moja moja ya mfuko wa jamii, tunakopeshana, ukichelewa unapigwa faini. Miaka karibu minne aliyokaa na sisi Jumamosi alizokosa zinahesabika.

2020 ilipoingia corona shule zikafungwa mwezi wa tatu, meza ikalala kabisa, ndio akaanza kupiga picha nguo na kuziposti. Ikashika. Ana jicho zuri la nguo na lugha nzuri kwa mteja, hilo hakuna anayebisha. Kufika mwanzoni mwa 2023 alikuwa na wafuasi elfu 11, grupu la wateja WhatsApp limejaa watu 1,024 mpaka hakuna pa kuongeza mwingine, na namba alizosevu kwenye simu zimefika 2,300. Nimeziona hizo namba, nyingi zimeandikwa "Mteja Gauni Pinki Kimara", "Boda Mbezi", "Mteja Mwanza 2". Majina ya watu ni machache sana.

Mwaka huo huo wa 2023 akajitoa kikoba. Sababu aliyotupa ni muda, Jumamosi ndio siku yake ya oda nyingi. Sababu aliyoniambia baadaye ni kwamba alikuwa anawaza, hawa watu 26 wanaouza vitumbua na mkaa watanipa nini ambacho watu elfu 11 wanashindwa kunipa. Sikumchukia kwa hilo, ukiwa unaona simu inaita usiku kucha na hela inaingia unaweza kuwaza hivyo. Akabadilisha na laini akachukua ya biashara, sisi tukabaki na namba ya zamani, hata stetasi zake tukawa hatuzioni tena.

Kilichotokea

*Jumatano usiku, Juni 2024.* Kwa miezi kama minane siku zake zilikuwa zinakuja nzito, zinafika mpaka siku kumi, akawa anakunywa juisi ya rozela na kumeza vidonge alivyonunua duka la dawa, anasema itapita. Usiku ule akitoka bafuni akadondoka sebuleni. Mtoto akamtikisa, mama haitiki vizuri. Simu ilikuwa palepale mezani inawaka, meseji za wateja zinaingia, mtoto akaichukua. Imelokiwa. Mama yake alikuwa amebadilisha paswedi wiki hiyo hiyo kwa sababu bando lilikuwa linaishia kwenye katuni. Akajaribu mara tatu, nne, ikakataa. Akaiweka chini akatoka peku mpaka mlango wa tatu, kwa jirani nitakayemwita Mama Mudi.

Mama Mudi anauza mihogo ya kukaanga, ana kitochi, hajawahi kuwa na simu ya kugusa maishani mwake. Yeye na mumewe ndio waliotafuta bajaji, wakamfunga mgonjwa khanga mbili, wakampeleka, na mtoto akalala kwa Mama Mudi na watoto wake.

Hospitali walipima damu wakakuta 5.6, wakati mwanamke anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Chanzo ni uvimbe kwenye kizazi. Wakasema anaongezwa chupa tatu haraka, operesheni ifuate damu ikishapanda, na ndugu watafute watu wanne wa kuchangia ili kurudishia benki ya damu.

*Alhamisi.* Mdogo wake wa kiume akaingia na basi kutoka Tanga mchana, na wazo lake la kwanza likawa grupu na stetasi. Dada N akampa paswedi, akatengeneza bango kwenye simu: picha ya dada yake kavaa gauni la sherehe, chini maandishi mekundu, TUMUOKOE DADA YETU, DAMU O+ INAHITAJIKA HARAKA, MWENYE CHOCHOTE ATUSAIDIE, na namba ya kutumia hela. Saa 1 jioni akaliposti.

Usiku ule grupu lilijibu. Watu 188 waliandika kitu, karibu wote ni pole na mikono ya dua. Watu 46 walituma hela, ndogo 1,000 kubwa 50,000, jumla 612,000. Watu 17 waliandika "nakuja kesho" au "nitakuja". Na watu 9 waliuliza mzigo wao umefikia wapi.

*Ijumaa.* Mdogo wake alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha damu kuanzia saa 2 asubuhi. Mpaka saa 9 alasiri waliofika ni wawili. Mmoja, binti mdogo tu, alipimwa uzito akakutwa na kilo 46 na kigezo ni 50 kwenda juu, akarudishwa, akakaa palepale kwenye benchi analia kwa kuona aibu wakati ndiye pekee pamoja na mwenzake waliotimiza neno lao. Yule mwingine akachangia. Wale wengine 15 simu hazipokelewi, wawili watatu wakaandika foleni, wengine kimya.

Siku hiyo hiyo mteja mmoja wa Mbeya akapiga kuuliza mbona bango analoliona kwenye grupu jingine lina namba tofauti ya kutuma hela. Kumbe kuna mtu kalichukua akabandika namba yake. Wateja wawili walikuwa wameshatuma huko. Mdogo wake akairipoti namba ya yule tapeli kwenda 15040, halafu akaandika tangazo kwenye grupu kuwataka watu wasitume popote bila kuhakikisha jina linalotokea, lakini nguvu ya bango ikawa imeshavunjika, watu wakaanza kuogopa.

Jioni hiyo nilikuwa gengeni nanunua nyanya. Mama Mudi akaniuliza, katibu, mbona hamjaenda kumuona mwenzenu? Hapo ndio nikajua. Siku mbili mtu yuko wodini, naishi mwendo wa dakika kumi kutoka kwake, sina habari.

*Jumamosi.* Usiku wa Ijumaa sikuandika chochote kwenye grupu letu la kikoba. Nilipiga simu. Watu 11, kuanzia saa 1 mpaka saa 3 usiku, kila mmoja namwambia jina lake: nakuomba wewe, kesho saa 2 asubuhi tukutane kituoni, ule kwanza, tunapanda daladala pamoja, nauli ya anayekwama nalipa mimi. Asubuhi tukawa sita. Mmoja alikuwa amechangia miezi miwili nyuma na mwanamke anatakiwa apumzike minne, mmoja presha ilikuwa juu, mmoja damu yake mwenyewe haikutosha. Watatu tukachangia. Ukijumlisha na yule wa Ijumaa, wanne wakatimia.

*Wiki iliyofuata.* Kabla ya operesheni wakaomba wengine wawili. Safari hii nikamwambia mdogo wake tulirudie grupu la wateja lakini tangazo tuandike upya, bila picha: "Wanahitajika watu 2 tu. Jumatatu saa 3 asubuhi, getini, nitakuwa nimevaa fulana ya njano. Kundi lolote la damu linafaa. Uwe na miaka 18 mpaka 65, kilo 50 au zaidi, uwe umekula. Ukiwa tayari nipigie sasa hivi nikuandike." Wakapiga watu 6, wakafika 3, wakachangia 2. Mmoja wa hao wawili hakuwa hata mwanagrupu, alikuwa kaka wa yule aliyesevuliwa kama Mteja Mwanza 2.

Hapa inabidi nikae kidogo. Mteja Mwanza 2 ni mwalimu wa shule ya msingi huko Mwanza, alinunua gauni la mtoto mwaka 2022, wakaanza kusalimiana, wakawa wanatumiana voisi kila usiku baada ya watoto kulala. Hawajawahi kuonana. Jumatano usiku hakupata voisi. Alhamisi asubuhi, kabla hata ya bango, alikuwa ameshapiga simu mara 14. Mdogo wake Dada N alipokuja kupokea, ni huyu mama ndiye aliyemwambia kwamba Dada N anatoka damu hivi miezi minane, anameza vidonge fulani, na mara ya mwisho kuzimia ilikuwa Aprili. Hayo yote yakaenda kwa daktari. Hakuna mtu hata mmoja mtaani kwetu aliyekuwa anayajua.

Maamuzi yaliyofanyika na sababu zake

Uamuzi wa mdogo wake kuanza na grupu haukuwa wa kijinga. Alikuwa mgeni mjini, hajui mtu, na mbele yake kuna watu 1,024 kwa mkupuo mmoja. Alichokosea ni kuomba vitu viwili kwa wakati mmoja, damu na hela, na hela ni rahisi zaidi, mtu anatuma 2,000 akiwa kitandani anahisi kamaliza zamu yake.

Uamuzi wangu wa kupiga simu badala ya kuandika ulitokana na misiba. Nimekuwa katibu miaka sita, najua ukiandika "tukutane msibani" unapata dole gumba 20 na watu 5, ila ukimpigia mtu ukamwambia wewe leta sufuria kubwa, sufuria inafika.

Uamuzi wa tatu ulileta maneno. Nilipendekeza mfuko wa jamii umpe Dada N laki moja. Wanne wakakataa, wakasema katiba inasema mwanachama, na yeye alijitoa mwenyewe. Niliumia lakini walikuwa sahihi, leo ukivunja kwa huyu kesho utavunja kwa nani. Tukaacha mfuko, tukapitisha kibakuli pembeni, ikapatikana 87,000. Aliyetoa kubwa ni mmoja wa wale wanne.

Kazi nyingine tukagawana. Mama Mudi mtoto na shule, wawili uji na supu kwa zamu, mmoja kufua, mimi na mdogo wake kulala hospitali.

Matokeo

Alifanyiwa operesheni siku ya tisa, uvimbe ukatolewa, akaruhusiwa siku ya kumi na nne. Hela ya wateja ndiyo iliyolipa sehemu kubwa ya bili na dawa, hilo nataka lisomeke vizuri, kikoba chetu kizima kisingeweza kutoa 612,000 kwa usiku mmoja. Biashara ilisimama wiki saba, akapoteza wateja, wengine wakataka kurudishiwa advansi na akawarudishia wote.

Kuna shoga yake wa tangu utoto, wako wote Dar, anakaa mitaa miwili tu kutoka kwake. Alikuja siku ya sita, akapiga picha na mgonjwa mwenye dripu mkononi, akaiposti, akaondoka. Dada N aliiona picha ile kupitia kwa mteja. Alilia siku hiyo kuliko siku ya operesheni.

Uchambuzi

Kwanza kwa nini kwenye watu 1,024 walifika wawili na kwa simu 11 tukafika sita. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walifanya jaribio ambapo mtu anasikia mwenzake wa chumba cha pili amepatwa na kifafa. Aliyeamini yuko peke yake anayesikia, asilimia 85 walitoka kwenda kutoa taarifa kabla hajamaliza kuugua. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia pia, walitoka asilimia 31. Watu wale hawakuwa na roho mbaya, ila kila mmoja anawaza mwingine ameshakwenda. Sasa fikiria sio wanne, ni elfu moja na tiki za bluu unaziona. Tangazo la pili lilifanya kazi kwa sababu lilitaja watu wawili, saa, geti na fulana, mtu anaona kabisa nafasi yenye umbo lake.

Pili lile neno O+. Kwenye majibu ya grupu nilikuta watu zaidi ya 20 wameandika "mi sio O jamani ningekuja". Damu ya kurudishia benki inapokelewa ya kundi lolote. Neno moja kwenye bango lilifunga mlango kwa watu waliokuwa wamesimama kizingitini.

Tatu, kuna hofu ambayo watu hawaisemi. Damu ikitolewa inapimwa VVU, homa ya ini na kaswende. Siamini kwamba wale 15 waliopotea walikuwa wanadanganya tangu mwanzo, nadhani wapo waliofika usiku wakawaza majibu wakarudi nyuma. Hata kwenye wale 11 wangu wapo walionipa sababu ambayo nilijua sio yenyewe, sikuwabana.

Nne, na hili ndio limenikaa zaidi, tunapima vibaya. Tunagawa watu kuwa wa mtandaoni na wa kweli kana kwamba simu ndio inayoamua. Robin Dunbar, mtafiti wa Uingereza, tangu miaka ya 1990 anasema binadamu anamudu kama watu 150 wa kufahamiana kwa dhati na ndani yake watano tu wa karibu kabisa, na wapo wanaoipinga hiyo namba lakini hata ukiiongeza mara tatu hufiki 2,300. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, 2018, alikadiria kwamba urafiki wa karibu unakula zaidi ya saa 200 za kuwa pamoja. Piga hesabu: kikoba saa mbili kila Jumamosi kwa karibu miaka minne, inakaribia saa 400. Mwalimu wa Mwanza, voisi za dakika ishirini karibu kila usiku kwa miaka miwili, na yeye anazikaribia 200. Mteja wa gauni pinki ametumia na Dada N dakika tano, tatu za kupatana bei. Akitoa 2,000 na pole amefanya zaidi ya alichodaiwa, na mi namshukuru.

Na hao wa dakika tano nao wana kazi yao ambayo sisi hatuiwezi. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 kwamba habari mpya, hasa za kazi, mara nyingi zinakuja kwa watu tunaofahamiana nao juujuu, kwa sababu wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua. Aliyegundua bango limeibiwa alikuwa Mbeya, maana yuko kwenye magrupu ambayo sisi hatumo. Kaka wa kuchangia damu alipatikana kwa simu iliyopigwa kutoka Mwanza.

Mama Mudi husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli usiku ule wa Jumatano hakuna mtu wa mbali angeweza kubeba mgonjwa mpaka kwenye bajaji. Lakini nyoka mwenyewe, ile damu ya miezi minane, aliyemuona ni wa mbali. Nilimuuliza Dada N kwa nini alimwambia yeye sio sisi, akajibu, "Yeye hanioni. Nyie ningewaambia mngeniangalia tumbo kila nikipita." Jibu lile limenifanya nijiulize mengi kuhusu jinsi tunavyoongea habari za watu pale Jumamosi.

Tano, kikoba tulishindwa na sisi. Alipojitoa tulifunga ukurasa wake kwenye daftari, tukamlipa hisa zake, basi. Mwaka mmoja na nusu hakuna aliyekwenda kugonga mlango, kila mtu anasema yeye ndiye aliyetuacha. Saa 400 zilitufaa kwa sababu Mama Mudi alikuja gengeni saa ileile niliyokuwepo mimi. Ningekwenda kesho yake, nisingejua. Sasa hivi tumeweka utaratibu, mwanachama akijitoa kuna mtu mmoja anatajwa jina kumtembelea kila mwezi kwa mwaka mzima, na ni kwenye muhtasari kabisa.

Kwa upande wa Dada N mwenyewe, namba ya Mwanza ameibadilisha jina, imeandikwa jina la mtu. Ameomba kurudi kikoba mzunguko mpya ukianza. Na nyuma ya mlango wa sebule, kimo cha mtoto, kuna namba tatu zimeandikwa kwa makapeni nyeusi: ya juu kabisa ni ya kitochi cha Mama Mudi, inayofuata ni yangu, ya tatu ni ya Mwanza. Mtoto anazijua kwa kichwa, nilimsikilizisha juzi, akazitaja zote bila kugeuka kuangalia.